Mke wa baba ana ufunguo wa nyumba yangu, na baba anasema nimvumilie

Kwenu washauri, shikamooni.

Nina miaka 33, nimeolewa, nina binti wa miaka 5. Mama yangu mzazi alifariki miaka 9 iliyopita. Baba alikaa peke yake muda mrefu, na miaka 4 iliyopita akaoa tena. Sikupinga. Nilimwona amerudi kucheka nikafurahi naye. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani namchukia mama huyu kwa kuwa tu amekalia kiti cha mama yangu.

Shida ni kwamba kwangu hajui kupiga hodi, na sisemi mlango peke yake.

Tulimwachia baba ufunguo wa akiba ili likitokea la kutokea tukiwa mbali aweze kuingia. Sasa ufunguo huo uko kwenye mkoba wa mkewe. Huingia tukiwa kazini. Nikirudi nakuta vyombo vimehamishwa kabati na nguo zangu zimekunjwa upya. Siku moja alinipigia kuniuliza kuhusu barua ya benki iliyokuwa ndani ya droo ya chumbani. Alisema alikuwa akitafuta mkasi.

Simu ya baba nayo ni ya wawili. Namwandikia baba, anajibu mama. Mwezi uliopita nilimweleza baba kwamba mimba yangu imeharibika, nikamwomba jambo hilo libaki kwake. Siku 2 baadaye shangazi akanipigia kunipa pole. Nililia, na sikujua ninalia kwa lipi kati ya mawili.

Halafu yapo madogo madogo. Anataka nimwite Mama, na nikisema "Mama mdogo" ananuna. Anaweka picha za mtoto mtandaoni kila wanapoonana. Anampa mtoto zawadi na kumwambia, "Usimwambie mama yako, hii ni siri yetu."

Miezi 5 iliyopita nilijaribu kusema. Ilikuwa saa 5 usiku, nikaandika ujumbe mrefu kwenye kundi la familia, nikataja yote tangu wiki ya harusi yao. Mama akajitoa kwenye kundi. Baba akanipigia: "Mvumilie tu mwanangu, ndivyo alivyo. Usinifanye nichague." Wiki 6 hawakukanyaga kwangu, na binti yangu kila siku anamuulizia babu. Mwishowe nikaenda kuomba radhi, nikasema nilikuwa nimechoka na sikumaanisha. Wiki iliyofuata nikakuta kabati la mtoto limepangwa upya.

Mume wangu anasema nibadilishe kitasa yaishe. Mdogo wangu anasema mke wa baba ni mama, nikubali tu. Mimi nataka kubaki na baba yangu, na nyumba yangu ibaki yangu. Nianzie wapi? Na nitajibu nini wakisema sina adabu?

Nisiyepigiwa Hodi

*

Nisiyepigiwa Hodi, marahaba. Pole sana kwa mimba iliyoharibika, na pole kwamba habari yake ilizunguka kabla hujaamua nani aijue. Una haki ya kulia kwa yote mawili.

Umeuliza uanzie wapi. Anzia kwenye lile ulilolitaja mwisho kabisa ukaliita dogo: "Usimwambie mama yako, hii ni siri yetu." Ufunguo unaweza kungoja wiki mbili, hili lisingoje. Hatusemi mama huyu ana nia mbaya; watu wengi wazima humwambia mtoto maneno hayo kwa mapenzi tu, ili wapendwe zaidi. Lakini kwa mtoto wa miaka 5 ni vigumu kutofautisha siri ya zawadi na siri ya madhara. Anachojifunza ni kwamba mtu mzima anayempenda anaweza kumwomba amfiche mama jambo, na kwamba mtoto mwema hukubali. Siku mtu mwingine, mwenye nia nyingine, atakapomwambia maneno hayohayo, atakuta njia imeshalimwa.

Zungumza na mtoto kwanza, kabla ya mtu mzima yeyote, mkiwa mnacheza au mnaoga, bila uso wa kesi. Mwambie: "Kwetu hatuna siri za kumficha mama wala baba. Tuna mambo ya kushtukiza." Kisha mfafanulie tofauti. Jambo la kushtukiza lina siku yake ya kufichuliwa, na siku hiyo kila mtu hufurahi. Siri haina siku. Rudia mara kadhaa ndani ya mwezi, kwa maneno yaleyale, maana mara moja haitoshi kwa umri huo. Akikuletea siri, mshukuru, na usimnyang'anye zawadi. Ukikasirika mbele yake, amejifunza kwamba kusema ukweli kunaleta balaa, na kesho atanyamaza.

Mke wa baba mwambie ana kwa ana: "Mama mdogo, nashukuru kwa zawadi unazompa. Ninaomba tusimfundishe kunificha. Ukimpa kitu, mpe waziwazi. Nikiona hakifai nitakuambia wewe, sitamnyang'anya yeye." Akirudia, mtoto aonane naye wewe au mumeo mkiwa chumba kilekile. Hakuna haja ya kutangaza kama adhabu, mnakuwepo tu.

Sasa tuje kwenye mengine, na hapa tunaomba utuvumilie tukikuambia jambo ambalo huenda likauma. Soma tena barua yako. Nani alipewa ufunguo? Baba. Nani aliutoa? Baba. Nani aliambiwa habari ya mimba na kuombwa aitunze? Baba. Mke wa baba ana makosa yake, na kufungua droo ya chumba cha watu ni kosa kubwa. Lakini sehemu nzuri ya yanayokuumiza yamepitia mkononi mwa mtu unayempenda zaidi. Katika familia zenye mzazi wa kambo hili hutokea mara kwa mara: hasira inayomhusu mzazi hutupiwa mgeni, kwa sababu kumkasirikia mgeni hakutishi kutupotezea baba. Ukilibeba hilo ukienda kuzungumza, sauti yako itakuwa tofauti, na utajua unamwomba nani nini.

Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani aliyeziangalia familia kwa miaka mingi, aliieleza hali hii kama pembetatu. Watu wawili wakibanana, humvuta wa tatu ili mzigo upungue. Wewe unamsemea mke wa baba kwa baba, yeye anakusemea wewe kwa baba, na baba amekaa katikati akiomba yaishe. "Usinifanye nichague" ni kilio cha mtu aliye kwenye kona hiyo. Mwondoe hapo. Maana yake: atajua kabla ya wengine, kwa heshima yake, ila hatatumwa.

Mwone mkiwa wawili, nje ya nyumba yake na nje ya kwako, dakika 30 zinatosha. Kama ni vigumu kumpata peke yake, msindikize anapokwenda shughuli zake. Wanaume wengi wa umri wake huongea vizuri zaidi wakitembea kuliko wakiwekwa kitako na kutazamwa usoni. Anza na lile ambalo bado unadaiwa: "Baba, samahani kwa kuyasema yale mbele ya familia nzima. Haikuwa njia." Ishia hapo. Usiseme hukumaanisha, kwa sababu ulimaanisha. Ulipoomba radhi mara ya kwanza ulifuta namna ya kusema pamoja na jambo lenyewe, ndiyo maana kabati la mtoto likapangwa upya wiki iliyofuata. Namna ilikuwa na kosa. Jambo lenyewe halikuwa nalo.

Kisha mwambie kinachokuja (silinda ni kile kipande cha kitasa kinachoingizwa ufunguo): "Mlango wetu tunaubadilisha silinda Jumamosi ijayo, funguo zitabaki kwetu wawili. Nitamwambia Mama mdogo mwenyewe. Ninachoomba kwako ni kimoja tu: akija kulalamika, mwambie aongee na mimi." Akisema "mvumilie", mjibu: "Nitamvumilia, Baba. Ndiyo maana nataka utaratibu ambao hautanifanya nimchukie." Akisema "basi ngoja niseme naye mimi", kataa kwa upole, maana ujumbe ukipita kwake utafika umepungua au umeongezwa chumvi. Usimhesabie makosa ya mkewe, hata akikuuliza mifano. Alimchagua yeye, na kila kosa utakalotaja atalisikia kama lawama juu ya uchaguzi wake. Atamtetea, na dakika 30 zitaisha mkiwa mnabishana juu ya mkasi. Na marehemu mama yako asitajwe kabisa siku hiyo. "Mama angekuwepo" ni sentensi ambayo hakuna mtu aliye hai anayeweza kuijibu.

Kabla hatujafika mlangoni, hebu tuweke sawa maana ya mpaka, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Watu hudhani mpaka ni amri unayompa mwenzako. "Usiingie nyumbani kwangu tukiwa hatupo" inaonekana kama mpaka, lakini ni ombi, kwa sababu anayeamua kama itatimia ni yeye. "Funguo za nyumba hii wanazo watu wawili" ni mpaka, kwa sababu unatimia hata yeye akikataa. Kila unapotaka kusema jambo, jiulize: hili linahitaji akubali ndipo lifanye kazi? Kama ndiyo, ni ombi. Maombi si mabaya, anza nayo kila inapowezekana, lakini uwe na jibu la utakachofanya wewe likikataliwa. Ujumbe wako wa saa 5 usiku ulikuwa na malalamiko ya miaka 4, pengine na maombi kadhaa, na hakuna mahali uliposema wewe utafanya nini. Tena ulisomwa na hadhara, na mtu aliyeaibishwa mbele ya watu huhangaikia uso wake kwanza, kilichoandikwa hakisomi.

Mumeo yuko sahihi kuhusu kitasa. Amekosea kwenye "yaishe". Ukibadilisha kimyakimya, mama huyo atagundua akiwa amesimama mlangoni na ufunguo usiozunguka, na kuanzia saa ile yeye ndiye aliyetendewa. Mwambie siku 3 au 4 kabla, mchana, kwa simu ya sauti au ana kwa ana: "Mama mdogo, Jumamosi tunabadilisha silinda ya mlango. Funguo mpya zitabaki kwetu wawili. Ukitaka kuja, nipigie siku moja kabla, nikiwepo nitafurahi kukupokea." Sentensi tatu. Usiongeze sababu. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu umelelewa kujieleza mbele ya mkubwa. Lakini kila sababu utakayotoa inaleta majibizano. Ukisema "kwa kuwa unahamisha vitu", atasema "basi sitagusa tena, niachie ufunguo". Ukisema "mume wangu hapendi", umemtupia mumeo. Akiuliza kwa nini, jibu ni "ndivyo tulivyoamua sisi wawili", na akiuliza mara ya pili jibu ni lilelile, kwa sauti ileile.

Usimwombe arudishe ufunguo wa zamani. Unaweza kuwa umeshachongeshwa mwingine, na hata kama haujachongeshwa, kumwomba kunamweka kwenye nafasi ya kukataa. Silinda mpya inaumaliza ubishi huo bila mtu kushindana. Kama kitasa chenu ni cha aina hiyo, hamna haja ya kubadilisha kitasa kizima. Silinda inashikwa na skrubu moja ndefu inayoingilia ubavuni mwa mlango, chini kidogo ya ulimi wa kitasa. Itoe skrubu, ingiza ufunguo, uuzungushe kidogo huku ukivuta, silinda itatoka. Pima urefu pande zote mbili kuanzia katikati ya tundu la skrubu, kwa sababu upande wa ndani na wa nje mara nyingi hazilingani, kisha nunua yenye vipimo hivyohivyo. Hesabu funguo zilizo ndani ya pakiti, ujue kila mmoja ulipo.  Mdogo wako usimpe wa akiba: si mtu mbaya, ila ameshakuambia anasimama wapi, na usimweke kwenye jaribu la kuombwa.

Halafu itafika siku atakuja bila kupiga simu. Amua leo utafanya nini, usingoje kuamua akiwa mlangoni. Wapo wanaoweza kumwamkia vizuri mlangoni na kusema, "Leo hatuko katika hali ya kupokea mgeni, Jumapili saa 10 jioni itakufaa?" Wapo ambao hawawezi kumrudisha mke wa baba barazani hata kwa dawa, na tunawaelewa. Kama wewe ni wa kundi la pili, chukua hatua ndogo zaidi: mkaribishe sebuleni, kaa naye dakika 20, kisha simama: "Nilikuwa na kazi, ngoja nikusindikize." Anayefika kwa taarifa anapata jioni nzima, asiye na taarifa anapata dakika 20. Lolote utakalochagua, liwe lile utakaloweza kulifanya siku uliyochoka kuliko zote, siku mtoto analia na mumeo hayupo. Mpaka mdogo unaoshika kila mara unazidi mkubwa unaoshika mara nne na kuuachia ya tano.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu inayojulikana vizuri. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alifundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate chakula. Waliokuwa wakipewa kila walipodonoa waliacha mapema chakula kilipokatwa. Waliokuwa wakipewa mara mojamoja bila mpango waliendelea kudonoa muda mrefu sana. Binadamu hatuko mbali na hapo. Ukiachia mara moja katika tano, umemfundisha mtu kwamba akisukuma vya kutosha mlango hufunguka. Na wiki 6 za kutokuja kwao zilipokuleta na radhi, zilimwonyesha urefu unaohitajika.

Kwa hiyo jiandae: ukianza kushika, mambo yatazidi kabla ya kupungua. Atanuna, pengine kwa muda mrefu kuliko mwanzo, kwa kuwa mara iliyopita ilifanya kazi. Ndugu watapiga simu. Utaambiwa umebadilika tangu uolewe, na kwamba unamtesa mzee. Kwa ndugu uwe na sentensi moja tu, "Nashukuru kwa kutujali, hili naongea na wahusika wenyewe," na usitunge ya pili. Kila sentensi mpya utakayotoa itasafiri na kurudi ikiwa na mkia. Kosa jingine la kipindi hiki ni kunyamaza kwa sababu wao wamenyamaza. Kukata mguu kunapunguza kelele kwa muda, ila mvutano hubaki ulivyo. Mpigie baba siku ileile ya wiki, saa ileile, dakika 5 au 10, mtoto azungumze na babu yake, salamu zimfikie mkewe kwa jina lake la heshima. Waalike, hata kama unajua hawatakuja. Ukifanya hivyo, wiki za kununa hazitakupokonya baba, na usipopokonywa baba hutalazimika kwenda kuomba radhi usiyostahili kuiomba.

Kuhusu simu ya baba tutasema jambo ambalo huenda hukulitarajia: hapo huna mpaka wa kuweka. Simu ile ni ya ndoa yao, na kama wameamua kuitumia wawili, ni uamuzi wao. Ulicho nacho ni uchaguzi wa unachokipeleka huko. Chukulia kwamba kila ujumbe unasomwa na watu wawili, na uandike yale tu unayotaka yasomwe na wawili. La moyoni mwambie baba uso kwa uso, na kabla hujalitoa muulize: "Baba, hili ni la kwako peke yako. Kama ni vigumu kulibeba bila kumwambia mkeo, niambie sasa, sitakasirika." Watu wengi huomba siri itunzwe baada ya kuimwaga. Mwenzako hakupata nafasi ya kusema hawezi, na huenda kwa baba yako kukaa na jambo zito bila kumwambia mkewe ni kitu kisichowezekana. Akisema hawezi, amekuheshimu. Akisema anaweza kisha likavuja, usigombe. Mwambie mara moja kwamba limekufikia, na habari nyingine kubwa aipate siku moja na wengine wote.

Picha za mtoto ni rahisi kidogo. Omba kwa maneno yanayopimika: "Naomba picha zake zisiwekwe mtandaoni, na zilizopo ziondolewe ifikapo Ijumaa." Ijumaa ikipita zikiwa bado zipo, acheni kumtumia picha, na simu ikitolewa mtoto aitwe afanye jambo jingine. Kuhusu kuitwa Mama, endelea na "Mama mdogo". Ni jina la heshima kamili, halimvunjii mtu hadhi, na huna haja ya kulieleza kila anaponuna. Litamke kwa ukunjufu, lisiwe na harufu ya kukomoa.

Unauliza utajibu nini wakisema huna adabu. Watasema, hilo hatutakuficha. Usiwajibu wao, jipime mwenyewe kwa mambo machache unayoweza kuyathibitisha: sauti yako ilikuwa chini, mlikuwa peke yenu, hukutukana, hukumlinganisha na marehemu. Kama yote yalikuwa hivyo, adabu ipo. Wazee walisema heshima si utumwa, na mdogo wako anaposema mke wa baba ni mama, mkumbushe kwamba hata mama mzazi hupiga hodi kwa binti aliyeolewa.

Kuna upande mmoja tusiouacha. Mtu anayeingia nyumba ya watu na kukunja nguo mara nyingi anatafuta nafasi, na hajui nafasi yake ni ipi. Miaka 4 si mingi kwa familia ya aina hii. Huchukua miaka kukaa sawa, na hasa pale watoto walipokuwa watu wazima tayari na nyumba zao, kwa sababu hakuna malezi ya pamoja ya kuwaunganisha. Ukifunga mlango wa kabati, mfungulie mwingine ulio halali. Mpe siku inayojulikana, kwa mfano kila Jumapili ya pili, aje akae na mjukuu wakati wewe upo. Muulize jambo analolijua vizuri na ufuate ushauri wake pale unapofaa. Likifanyika jema, liseme palepale. Hatukuambii umnunue, tunasema aliyekuwa akiingia kwa ufunguo anahitaji kuona kwamba kwa hodi anapokewa vizuri zaidi.

Yote haya yanahusu mtu anayevuka mipaka. Ukiona dalili nyingine, yaani baba haruhusiwi kabisa kuonana nawe peke yake, fedha au nyaraka zake zimeondoka mikononi mwake bila yeye kuelewa, anakosa dawa zake, au ana majeraha yasiyo na maelezo, usitumie ushauri huu. Hayo ni ya kupelekwa kwa daktari wake au ofisi ya ustawi wa jamii, haraka.

Kama hakuna la aina hiyo, nenda kwa mpangilio huu: wiki hii mtoto na suala la siri, wiki ijayo baba, na siku chache baadaye simu kwa mke wa baba kabla ya Jumamosi ya silinda. Picha zingoje mwezi ujao. Ukizileta zote kwa pamoja utarudia ujumbe wa saa 5 usiku kwa njia nyingine. Weka daftari dogo na uandike mambo matatu tu kila tukio linapotokea: tarehe, alichofanya, ulichofanya wewe. Usiandike ulivyojisikia, maana hilo halipungui kwa kasi ileile. Baada ya wiki 12 lifungue mkae na mumeo, na mhesabu safu ya tatu kabla ya ya pili. Kama ni wewe uliyelegea mara nyingi, punguza mpaka ufike ule unaouweza. Kama umeshika na yeye ameanza kupiga simu kabla ya kuja, hata kwa sauti ya kununa, mwongezee Jumapili nyingine.